Gramu Mia Mbili na Nne

Baba alizoea kusema petroli ni mlevi:
hunywa kwa kelele, hulipa kwa majigambo.
Dizeli ni mjane mwenye watoto saba,
hana tone la kumwaga.
Miaka thelathini na mmoja aliendesha lori la magogo
kutoka misitu ya Jämtland hadi viwanda vya Sundsvall,
na kila jioni aliandika lita katika daftari
kwa penseli aliyoichonga kwa kisu cha samaki.
Siku hizi anapumua kwa mrija.
Daktari hakusema ni moshi.
Hakusema pia kwamba si moshi.

Mimi niko Trollhättan, chumba cha majaribio namba tatu,
saa nane za usiku,
theluji imepanda hadi kwenye vizingiti vya madirisha.
Nyuma ya kioo kinene injini imefungwa kwa boliti sakafuni,
haina gari, haina safari,
inakimbia palepale ilipo.

Tunachokitafuta ni aibu kukieleza mbele ya wageni:
petroli iwake bila kuwashwa.
Isingoje plagi. Isingoje cheche.
Ibanwe tu, kidogo, ndani ya hewa nyingi,
hadi ishike moto yenyewe, kila pembe kwa mara moja,
kama waumini wanaosimama kabla mchungaji hajawaambia.
Ikiwahi, inagonga.
Ikichelewa, inazimika.
Katikati kuna upenyo mwembamba kuliko unywele wa Torkel,
na Torkel hana nywele.

Rafuni kuna pistoni nne za majaribio yaliyopita,
kila moja na kidonda chake.
Solveig, mtu wa mafuta, amelala juu ya makoti mawili.
"Kata cheche," namwambia Torkel.
Anakata.

Nasubiri kimya.
Kimya hakiji.
Sauti inashuka, inakuwa nzito, inatulia,
kama mtu aliyeacha kubishana kwa sababu ameelewa.
Nauingiza mkono kwenye glavu, napitisha kitambaa mdomoni mwa ekzosi:
kinatoka cheupe, au karibu cheupe.
Mizani ya mafuta inahesabu kwa kila kilowati-saa:
mia mbili kumi na tisa.
Mia mbili na kumi.
Mia mbili na nne.
Torkel anauma kifuniko cha kalamu hadi kinapasuka.

Napiga simu kwenye nyumba ya wazee.
Dereva wa zamani halali usiku, hilo nalijua.
"Baba, sikiliza." Nabandika simu kwenye kioo.
Anasikiliza muda mrefu.
"Hiyo ni dizeli."
"Ni petroli, Baba."
Mrija unapuliza. Unapuliza tena.
"Inakunywa kiasi gani?"
Namtajia.
Nasikia droo ikivutwa.

Dakika ya kumi na moja, mgongo mmoja,
kama mtu aliyekosea mlango.
Wa pili.
Kisha yote kwa pamoja, chuma juu ya chuma,
taa nyekundu, Solveig wima na koti moja mguuni,
Torkel na kiganja chake juu ya kitufe.
Harufu ya alumini ikatufikia hata nyuma ya kioo.
"Sasa imefanya nini?" simu ikauliza.
"Imetoboka."
"Ndivyo walivyo walevi," alisema,
ila si kwa ile sauti yake ya kushinda.

Jumapili nilimpelekea pistoni ndani ya mfuko wa mkate.
Tundu kichwani, kingo zimeyeyuka kama jibini.
Alipitisha kidole cha mwisho, akakizungusha,
akakiangalia upande wa pili kama cha mtu mwingine.
Hakusema pole.
Alifungua daftari ambalo hakuligusa kwa miaka tisa,
akaandika: 204. Dakika 11.
Chini yake akaacha mstari mtupu,
kama alivyokuwa akiacha zamani
kwa safari ya kurudi.